Wageni Wanaokuja Kutazama Vipepeo

Wasomaji wetu wengine watacheka wakisikia habari hii. Wako watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao huweka akiba mwaka mzima ili wapate nauli ya kwenda mbali kutazama vipepeo. Huenda kwa makundi, watu wanane au kumi pamoja na kiongozi wao. Hawawindi, hawachuuzi, wala hawatafuti dhahabu. Hupanda mlima, hukaa kando ya kijito, hutazama, huandika, hupiga picha. Kisha hurudi kwao na furaha kama watu waliotoka arusini.

Makundi ya namna hii yajulikana sana Uganda, hasa katika msitu wa Bwindi, ambao wataalamu wamehesabu humo aina zipatazo 200 za vipepeo. Yajulikana pia Tanzania, katika milima ya Usambara. Milima ya Itombwe, isimamayo nyuma ya Nundu, ni ya safu ile ile ya Bwindi, tena ni mirefu na mipana kuipita. Lakini huku wageni hao hawaji. Leo twataka kueleza watu hawa hutafuta nini, kipepeo anahitaji nini ili aishi, na kwa nini jambo hili, tangu mwanzo hadi mwisho, liko mikononi mwa jamaa wenye mashamba mlimani.

MILIMA NYUMA YA NUNDU

Nundu iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, penye njia itokayo Uvira kwenda Baraka. Upande wa mashariki ni ziwa, ambalo maji yake yako meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi yainuka ghafula, mlima juu ya mlima, mpaka nyanda za juu za Itombwe. Kilele kilicho kirefu kuliko vyote, Mlima Mohi, chafika karibu meta 3,475.

Basi mtu akipanda kwa miguu hupita katika nchi nyingi kwa safari moja. Aanza penye michikichi, mihogo na migomba, mahali pa joto. Baadaye aingia msituni, penye miti mirefu iliyovaa kuvu na majani ya ukungu. Akizidi kupanda akuta mianzi, na juu kabisa akuta nyasi na baridi ya kutetemesha meno. Kila kimo kina mimea yake, na kila mmea una wadudu wake. Ndiyo sababu milima hupata aina nyingi za viumbe kuliko nchi ya tambarare.

Wataalamu walikwisha kuyaona haya zamani. Rudolf Grauer, mtu wa Austria, alitembea katika misitu ya magharibi ya ziwa hili katika miaka ya 1908 hadi 1910, akikusanya ndege na wanyama. Sokwe mkubwa wa mashariki mwa Kongo, yaani gorila, ameitwa kwa jina lake. Mwaka 1951 katika Itombwe alipatikana bundi mdogo asiyejulikana na wataalamu kabla ya hapo. Baada ya huyo mmoja hawakumpata tena, mpaka mwaka 1996 waliponasa mwingine katika misitu hiyo hiyo. Ikiwa bundi, ndege mwenye sauti na mabawa, aliweza kukaa miaka 45 bila kuonekana nao, hapana shaka kipepeo mdogo ana mengi aliyoyaficha.

KIPEPEO NA MTI WAKE

Ili kuelewa habari za vipepeo hatuna haja ya kwenda mbali. Msomaji mwenye mlimau au mchungwa uani na autazame vizuri. Kipepeo mmoja mweusi mwenye madoa mengi ya manjano huja kuutembelea. Jike hugusa jani kwa miguu yake, kwa maana kipepeo huonja kwa miguu, na akiisha kujua kwamba ndilo jani alitakalo, huacha yai moja dogo, mviringo, la rangi ya manjano. Kisha huenda zake. Hataliangalia tena.

Yai likipasuka hutoka kiwavi. Akiwa mchanga ana rangi ya kahawia na doa jeupe, akifanana na kinyesi cha ndege, na ndege amwonaye humpita. Akiisha kukua huwa wa kijani kama jani lenyewe. Ukimgusa, hutoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya machungwa, zenye harufu mbaya ya kuwafukuza adui. Akiisha kushiba hujifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, hujivua ngozi, na kugeuka kuwa kitu kigumu kisichokula wala kwenda, ambacho wataalamu hukiita pupa. Ndani yake mwili wa kiwavi huundwa upya. Mwishowe pupa hupasuka, na kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana. Hungoja mpaka yakunjuke na kukauka, ndipo huruka.

Katika habari hii yote liko jambo moja kubwa la kukumbuka. Kiwavi huyu hawezi kula kila jani. Ukimweka juu ya muhogo atakufa kwa njaa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa vipepeo walio wengi: kila aina ina mmea wake, au jamaa chache za mimea, ambazo kiwavi wake hula. Kipepeo mkubwa anywaye maji ya maua aweza kunywa katika maua mengi, lakini mtoto wake ana chakula kimoja. Ukikata mti huo katika bonde, umemwondoa kipepeo yule katika bonde lile, hata kama hukumgusa.

Si vipepeo wote walio marafiki wa mkulima. Mama zetu walimao viazi vitamu wawajua viwavi weusi wenye miiba ambao hula majani mpaka shamba likabaki vikonyo vitupu. Hao ni watoto wa kipepeo mdogo wa rangi ya machungwa. Kupigana nao ni haki ya mkulima. Lakini aina ziharibuzo mazao ni chache sana zikilinganishwa na zile zinazokaa msituni na kumaliza maisha yao bila kumdhuru mtu. Barani Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara, zimehesabiwa aina zaidi ya 4,000.

Wengine wana hila za ajabu. Yuko kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, arukaye polepole mashambani bila haraka. Haogopi, kwa sababu kiwavi wake alikula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake. Ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. Basi yuko jike wa kipepeo mwingine kabisa, asiye na sumu hiyo, ambaye amevaa rangi zile zile kama nguo ya kuazima. Ndege humwona, humdhania kuwa yule mwenye sumu, humwacha. Dume wake hakuvaa hivyo: yeye ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yenye mng'ao wa zambarau.

Katika misitu ya Kongo yupo pia kipepeo mkubwa kuliko wote wa Afrika. Mabawa yake mawili yakinyoshwa hupata sentimeta 20 na kuzidi, upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ni wa rangi ya machungwa na nyeusi, naye ana sumu kali. Kipepeo mwingine anayetafutwa sana na wageni ni mweusi mwenye mkanda wa rangi ya maziwa katika mabawa yake. Huyu haonekani mahali pengine duniani ila katika misitu ya milima ya safu hii yetu: kusini-magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Mtu wa London au wa Marekani atakaye kumwona hana njia nyingine. Sharti apande milima hii.

SIKU MOJA YA WATAZAMAJI

Kazi ya watazamaji haianzi alfajiri kama kazi ya mvuvi. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, hungoja jua. Asubuhi ya baridi hukaa juu ya jani na kukunjua mabawa yake mpaka mwili upate moto. Kwa hiyo kundi hutoka yapata saa tatu, na wingu likifunika jua wote huketi kungoja.

Kiongozi mwenye akili hawakimbizi wageni wake huku na huku. Awapeleka mahali vipepeo wanapokutana. Mahali pa kwanza ni mchanga wenye unyevu kando ya mto. Huko utawaona madume kwa makumi, wamesimama pamoja kama watu sokoni, wakinyonya chumvi iliyo ndani ya tope. Mahali pa pili ni kilele cha kilima, kwa maana aina nyingi za madume hupanda juu kungoja majike. Mahali pa tatu ni penye jua dogo katikati ya msitu, hasa mti mkubwa ulipoanguka.

Tena wako vipepeo wenye nguvu, warukao kwa kasi vileleni mwa miti, wasiotaka maua kabisa. Chakula chao ni matunda yaliyooza na hata mavi ya wanyama. Hao huitwa kwa ndizi zilizochacha. Kiongozi huziweka katika sahani chini ya mfuko wa chandarua uliotundikwa mtini. Kipepeo huja kunywa, na akitaka kuondoka huruka kwenda juu, akajikuta ndani ya mfuko. Watu humtazama, humpiga picha, humwandika katika daftari, kisha humwachia. Hawamshiki ovyo, kwa sababu ile rangi ya mabawa ni unga wa magamba madogo sana, nao hutoka kwa vidole.

Msomaji ataona sasa mgeni anahitaji nini. Anahitaji mtu anayejua kijito kilipo, mti upi unatoa maua mwezi huu, na njia ipi hufungwa na mvua. Ujuzi huo hauuzwi dukani. Wanao wazee walimao pale, na vijana waliokua wakichunga na kutega pale.

WALIYOYAJARIBU WENZETU

Katika pwani ya Kenya, karibu na magofu ya mji wa kale wa Gede, upo msitu uitwao Arabuko-Sokoke. Majirani wengi wa msitu huo waliuona kuwa adui: ulitoa tembo na nyani waliokula mazao yao, nao hawakupata faida. Wengi walitaka ukatwe, wagawiwe mashamba. Mwaka 1993 ulianzishwa hapo mradi ulioitwa Kipepeo. Wakulima walifundishwa kunasa majike wachache msituni, kuwaweka katika vibanda vya wavu, kupanda miti ambayo viwavi hula, na kuwalea mpaka wawe pupa. Kwa kuwa pupa hali wala hanywi, aweza kufungwa vizuri na kusafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako ziko nyumba kubwa za vioo ambamo watu hulipa kiingilio ili watembee kati ya vipepeo hai.

Hapo mawazo ya watu yalianza kugeuka. Mfugaji wa vipepeo hana budi kupata mbegu mpya msituni kila mara. Msitu ukifa, kazi yake imekufa. Baadaye kazi kama hiyo ilianza katika vijiji vya Amani, katika Usambara ya Mashariki, na wanawake kwa wanaume wakajiunga. Fedha zake zilisaidia kulipa ada za shule na kuezeka nyumba.

Hata hivyo tusiseme nusu ya habari. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nchi za nje. Wafugaji wa Amani wakapoteza soko lao, ingawa hawakuwa na kosa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mipaka, na wageni wakapungua sana katika hifadhi za Afrika ya Mashariki. Fedha za kutoka mbali ni kama mvua ya mlimani: hunyesha vizuri, na siku moja hukoma bila kuuliza kama umekwisha kupalilia. Mwenye busara huzipokea, lakini haachi jembe.

ITOMBWE NA WENYEJI WAKE

Sasa turudi katika milima yetu. Mwezi wa Oktoba 2006 Serikali ya Kongo ilitangaza Hifadhi ya Itombwe, katika wilaya za Mwenga, Fizi na Uvira na jirani zake. Nia ilikuwa kulinda msitu, lakini amri ilitoka kabla wenyeji hawajaulizwa, na maelfu ya watu walikuwa na vijiji vyao na makaburi ya wazee wao ndani ya eneo hilo. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Walijua yaliyotokea kaskazini, katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970, ambako Watwa waliondolewa katika msitu wa baba zao. Habari ya Watwa haikuisha kwa kusahauliwa: mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyosema kwamba Serikali ilivunja haki zao.

Katika Itombwe jambo lilikwenda kwa njia nyingine. Wenyeji walikataa amri isiyowajua, na baada ya ubishi ikafuata miaka mingi ya mikutano ya vijiji. Wazee walionyesha mito na vilima, wakasema hapa ni pa kulima, hapa ni pa kuwinda kwa kiasi, hapa paachwe. Mwaka 2016 mipaka ilithibitishwa upya, ikawa karibu kilometa za mraba 5,700, ndogo kuliko eneo lililokusudiwa kwanza. Hifadhi iliyo ndogo ambayo majirani wake wanaikubali yaweza kudumu kuliko kubwa wanayoichukia.

Lakini ramani peke yake haileti wageni. Tangu mwaka 1996 nchi ya Fizi na nyanda zake za juu zimeonja vita mara kwa mara. Watu wengi walivuka ziwa wakakimbilia Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1996, na watoto wengi wa Fizi wamezaliwa humo. Mahali ambapo mkulima haendi shambani kwa hofu, mgeni hawezi kwenda kutazama vipepeo. Tena vita huumiza msitu wenyewe, kwa kuwa waliokimbia hukata miti mahali pengine ili wapike na kulima, na wenye silaha hukata bila kuulizwa na mtu. Kwa hiyo neno la kwanza ni amani. Pasipo hiyo, mashauri mengine yote ni maneno matupu.

YAFAAYO KUFANYWA

Je, tungoje tu? Hasha. Yako mambo ambayo jamaa yaweza kuyafanya leo, nayo hayahitaji mgeni wala fedha za mtu.

Kwanza, afunguaye shamba jipya mlimani na aache ukanda wa miti kando ya kijito. Ukanda huo hushika udongo, huweka maji yasikauke kiangazi, na huwa makao ya mimea ambayo viwavi hula. Mvuvi wa Nundu naye apata faida, kwani udongo usiomomonyoka mlimani hauji kuchafua ufuko ambamo samaki hutaga.

Pili, wazee na wawafundishe vijana majina ya miti kwa lugha ya nyumbani: huu mti gani, hutoa maua mwezi gani, mdudu gani hula jani lake. Siku mgeni atakapokuja, kijana ajuaye haya atakuwa kiongozi wa kundi na kulipwa kama fundi. Asiyejua atapewa mizigo abebe. Na hata mgeni asipokuja kamwe, elimu hii ni mali ya kijiji, kwa maana miti hiyo hiyo ndiyo dawa, kamba na nguzo za nyumba.

Tatu, akija mtu na neno la wageni, au la hifadhi, au la kununua pupa, wanakijiji na wakae pamoja kabla ya kukubali. Waulize: nani atalipwa, kiasi gani, na soko likifungwa itakuwaje? Majibu yaandikwe, na karatasi ibaki kijijini. Watu wa Itombwe wamekwisha kuonyesha kwamba mkutano wa wazee unaweza kusogeza mipaka ya Serikali. Basi hautashindwa na mfanyabiashara mmoja.

Na wazazi, msiwakemee watoto wanaokaa chini ya mlimau kumtazama kiwavi. Waacheni wamwone siku kwa siku mpaka atoke na mabawa. Mtoto aliyeona kwa macho yake kwamba kipepeo hawezi kuishi bila mti wake hatahitaji maneno mengi atakapokuwa mtu mzima, na shoka mkononi, mbele ya msitu wa Itombwe.